Inashuka na Gia Gani?

Siku ya kipaimara cha mdogo wangu Ambakisye naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na baba yako akisoma hapa atanisamehe. Ndiyo siku niliyoulizwa swali moja kuhusu gari, nikakosa jibu mbele ya watu. Swali hilo ndilo lililonifanya leo niache viazi vyangu havijamenywa, nikae kukuandikia.

Tusekile, picha zako mbili nimeziona. Lile gari jeusi lenye tundu la hewa kwenye boneti, umeandika chini yake, "Mama, hii ni moto!" Lile dogo la kijivu lenye milango miwili, hukuandika kitu. Nimekuzaa mimi, kwa hiyo najua unapoandika unataka nini na unapokaa kimya unataka nini. Unataka nikuambie chukua jeusi. Sitakuambia hivyo. Wala sitakuambia chukua la kijivu, maana atakayekaa kwenye usukani ni wewe, na barabara ya kutoka huko Iringa mpaka hapa nyumbani utaipita wewe. Nitakusimulia tu yaliyonipata, halafu utajiamulia. Kama una haraka, weka simu pembeni, usome baadaye.

Wakati huo nilikuwa msichana wa hapa hapa Iyunga. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, na klabu moja ya mashindano ya magari ikanichukua kwenye gereji yao. Mikono yangu ilinuka grisi hata kanisani, mpaka akina mama wa kwaya wakawa wananisogezea kiti kando kwa upole, kama wananisaidia. Babu yako hakuipenda kabisa kazi hiyo. Alikuwa mtu wa reli tangu ujana wake, tena mzee wa kanisa, na kwa akili yake chombo kisicho na reli chini yake kilikuwa kinatafuta tu mahali pa kuangukia. Kila nilipotoka kwenda kazini alinitazama kama ninayeaga.

Klabu ilikuwa na magari mawili ya mbio. Moja lilikuwa jekundu, pana, lina turbo, na ukilikanyaga lilikusukuma mgongo kwenye kiti mpaka unacheka mwenyewe. Jingine lilikuwa jeupe, dogo, jepesi, limeinama chini, na injini yake haikuwa ya kumtisha mtu. Klabu walipoamua kunipeleka kwenye mashindano ya Nyololo, kwenye zile barabara za udongo zinazoingia mashamba ya chai, waliniambia nichague gari kwanza kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nayafungua na kuyafunga yote mawili. Lililobaki lingekwenda kwa Gwamaka, kijana mwenzangu wa gereji.

Nilipomwomba babu yako ruhusa, alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Atupele, nenda. Mara moja tu. Ukirudi hapa unaendesha mwenyewe, sitasema neno tena juu ya magari mpaka naingia kaburini. Lakini ukirudi unavutwa kwa kamba, Jumatatu unakwenda Tukuyu kwa shangazi yako kujifunza kushona."

Nilijua hatanii. Babu yako akishasema hivyo alikuwa amekwishamaliza. Mimi na cherehani hatujawahi kuelewana, unajua hata vifungo vyako alikuwa anashona baba yako. Kwa hiyo nilikuwa nabeba maisha yangu yote kwenye mbio za siku moja.

Sasa sisi watu wa Mbeya tuna ugonjwa wetu, na ninyi mliozaliwa juzi mmeurithi. Mtu akinunua gari, hata liwe la kubebea mkaa, swali la kwanza ni moja: "Inapanda Iwambi na gia gani?" Ule mlima wa kutoka Mbalizi kuja Iyunga ndiyo mizani yetu. Aliyejibu "namba nne" alipigiwa makofi. Aliyejibu "namba tatu" alipewa pole kidogo. Aliyepanda na namba mbili alibadilisha mazungumzo mwenyewe, akauliza habari za mvua.

Basi, siku hiyo ya kipaimara, baada ya ibada na chakula, vijana walikuwa wamelizunguka gari jekundu pale uani kwetu kama limeletwa kubatizwa. Klabu walikuwa wameniruhusu nije nayo yote mawili, moja nikaendesha mimi na jingine Gwamaka, ili nifanye uamuzi wangu. Nilikuwa nimeshaufanya. Nilisimama pale na gauni langu la sherehe, mkono juu ya boneti, nikiwaambia kwamba jekundu linapanda Iwambi na namba nne na bado linaomba kuongezewa. Vijana wakapiga mbinja.

Baba Mdogo Lusajo alikuwa amekaa kwenye benchi anakula ndizi. Huyu alikuwa mdogo wake babu yako, alioa Mhehe akahamia Ipogolo kule Iringa, na katika ujana wake alishindana sana kwenye barabara hizo za chai. Watu walimheshimu kwa hilo. Alifuta mdomo, akauliza polepole, "Na inashuka na gia gani?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikidhani ni utani wa wazee. Yeye hakucheka.

"Nakuuliza wewe, Atupele. Inashuka na gia gani?"

"Baba mdogo, kushuka si inashuka tu yenyewe?"

"Hata jiwe linashuka lenyewe," akasema. "Vaa viatu vya kuendeshea. Twende."

Tulianza na jekundu. Nilitaka kumwonyesha, nikashuka Iwambi kwa kujiamini. Kona ya kwanza nilikata usukani, gari likafikiri kidogo kwanza, ndipo likakata. Kona iliyofuata pua ilitaka kwenda kwenye mtaro, nikaivuta. Nilipogusa mafuta ili kulisawazisha, nguvu ilichelewa, halafu ikaja yote kwa mkupuo wakati siihitaji tena. Karibu na Mbalizi pedali ya breki ilikuwa imeanza kulainika chini ya mguu wangu na harufu ya moto imeingia ndani. Baba mdogo alikuwa ameshika kile kishikio cha juu ya dirisha. Hakusema neno.

Tukapanda kurudi, na kupanda huko, mwanangu, kulikuwa raha tupu. Nilimtazama kwa pembe ya jicho nikingoja anisifu. Akasema tu, "Sasa jeupe."

Jeupe tulishuka nalo mlima ule ule. Nilikuwa nimenuna, kwa hiyo nilishuka bila hata kujaribu kupendeza. Nilirudisha gia, injini ikalishikilia gari, nikageuza usukani, na pua ikaenda pale macho yangu yalipokuwa yameshaenda. Nilihisi kila tairi linakanyaga nini. Baba mdogo alianza kunieleza habari za mahindi yake, akahamia kwenye mgogoro wa mpaka wa shamba na jirani yake, akaingia kwenye ndoa ya mwanawe wa kwanza, na tulipofika Mbalizi alikuwa bado hajamaliza. Nikasimama pembeni.

"Kwenye jekundu nilikwambia nini?" akaniuliza.

"Hukusema kitu, baba mdogo."

"Na kwenye hili?"

"Umesema mpaka umechoka."

"Basi hilo ndilo jibu la swali langu." Akanigeukia, na sura yake ilikuwa kali. "Mimi nakaa Ipogolo. Barabara ya kushuka kutoka mjini naiona kutoka barazani kwangu. Sijawahi kukimbilia ajali ya gari lililokuwa linapanda, mama. Likishindwa kupanda linasimama, dereva anatukana, anaita fundi. Wote niliowakimbilia walikuwa wanashuka. Na wewe mwenye akili zote hizo, uliyefungua injini zote hizi kwa mikono yako, unasimama mbele ya watoto na gauni zuri unawafundisha kuuliza nusu ya swali!"

Iliniuma. Nilitaka kumjibu kwamba mbio hazishindwi kwa kupiga soga na abiria. Nilinyamaza kwa sababu ya heshima, si kwa sababu nilikuwa nimekubali. Nilikuja kukubali nikiwa kitandani, nikiukumbuka ule ulaini wa breki chini ya mguu wangu, na kamba ya babu yako, na cherehani ya shangazi. Asubuhi nilimwambia Gwamaka achukue jekundu. Alinikumbatia kwa furaha mpaka nikajuta papo hapo.

Nyololo tulikuta mvua imenyesha. Unaujua ule udongo mwekundu wa kule ukilowa, unashika viatu na hauachii. Magari yaliondoka moja moja, kila dereva peke yake na saa yake, na Gwamaka alikuwa nyuma yangu. Mwanzo kulikuwa na mlima mrefu. Mwanangu, nisikudanganye, mlima ule ulikuwa aibu. Jeupe lilihema. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho, nikalibembeleza, nikalitukana kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, na bado wachuma chai waliosimama pembeni walinipungia mkono taratibu kama wanaopungia basi la shule. Jekundu lilinipita katikati ya mlima likiunguruma. Gwamaka alipiga honi. Machozi yalinitoka kwa hasira, nikasema moyoni kwamba Baba Mdogo Lusajo amenipeleka Tukuyu mwenyewe.

Kisha barabara ikafika juu, ikaanza kushuka.

Sijui nikuelezeje utamu wa gari linalokusikiliza. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya chai, kona zilikuwa zinakuja mojamoja, na kila nilipoiona kona nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Hilo ndilo nililoligundua pale. Gari zuri kwenye kona linakupa nafasi ya kufikiri, na mtu mwenye nafasi ya kufikiri haogopi. Likiteleza liliniambia kwanza. Nililegeza kidogo, nikasubiri, likarudi mahali pake. Nikaacha kulia, nikaanza kuimba wimbo wa kwaya, tena sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, ambayo si yangu.

Kwenye kona moja ya mwisho wa mteremko nililiona jekundu. Limeingia ndani ya mistari ya chai, pua chini, matako juu, na Gwamaka amekaa pembeni ya barabara mzima kabisa, anapewa muhindi wa kuchemsha na mama mmoja. Alininyooshea muhindi kuniambia niende. Nikaenda.

Sikushinda. Nilifika katikati ya wenzangu, nimepitwa na wenye magari ya nguvu waliojua kuyatuliza, na kuwapita waliobaki kwenye chai. Lakini nilifika, na gari lilikuwa zima hata taa. Nilizima injini, nikafungua mlango, na mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa babu yako.

Alikuwa amesimama kwenye matope na viatu vyake vya kanisani. Nyuma yake kulikuwa na pikapu ya jirani yetu, na begani alikuwa na kamba nene imekunjwa vizuri, kama alivyofundishwa kukunja vitu kule reli.

"Baba! Umekuja?"

"Nimekuja kukuvuta," akasema.

Nilidhani anafurahia kushindwa kwangu kabla sijashindwa, na uso wangu ulionyesha hivyo. Akatazama chini, akaiweka sawa ile kamba begani ingawa ilikuwa sawa. "Nilifikiri kama ni lazima uvutwe," akasema, "usivutwe na watu baki."

Mimi nililia kwa mara ya pili siku hiyo, na safari hii haikuwa hasira. Alitoka Iyunga mpaka Nyololo na kamba, mwanangu, mtu asiyependa magari, akakaa kwenye pikapu njia nzima akiniombea nisiihitaji.

Kamba ilifanya kazi, hata hivyo. Ilimtoa Gwamaka kwenye chai, ikalivuta jekundu mpaka barabarani, na jirani yetu akakubali kulikokota mpaka nyumbani. Wenzetu wa klabu walijaa kwenye pikapu pamoja na vyombo vyao, babu yako akakosa nafasi. Akaja kwenye gari langu, akalizunguka, akachungulia chini yake kana kwamba anatafuta reli, akaingia. Alifunga mkanda akaushika kwa mikono yote miwili.

Mpaka Makambako alikaa wima. Tulipoanza kushuka kuelekea Igawa, nikarudisha gia, nikaliacha gari lishuke kwa utulivu wake, kona hii, kona ile. Nilitaka kumwonyesha kitu fulani mbele, nikageuka. Mikono yake ilikuwa imeachia mkanda. Kichwa kilikuwa kimeegemea dirisha, mdomo umefunguka kidogo. Babu yako alikuwa amelala. Mtu aliyekuwa anasali akipanda basi la kwenda Uyole, alilala mteremko mzima, binti yake kwenye usukani.

Niliendesha kama nimebeba mtoto mchanga. Sijapata kikombe cha mbio chochote, hata baadaye, kilichonipa furaha ile.

Aliamka Uyole, jua bado lipo, akashtuka na kujifuta mdomo. Unajua salamu yetu, ile ya kumuuliza mtu kama amelala salama. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mugonile, baba."

Alinitazama, akajaribu kukasirika, akashindwa. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Nimelala," akasema. "Nimeota niko kwenye treni."

Tulifika Iyunga naendesha mwenyewe. Bibi yako aliichukua ile kamba akaifanya ya kuanikia nguo, na babu yako alitimiza ahadi yake, hakusema neno baya tena juu ya magari. Akihitaji kwenda mbali alimwita binti yake, akapanda, akalala.

Sasa turudi kwenye picha zako. Sikuambii nguvu ni mbaya. Utakapokuwa nyuma ya foleni ya malori kwenye mlima utaitaka, na ni vizuri kuovateki haraka kuliko kutambaa ubavuni mwa lori huku umebana pumzi. Tena kumbuka nguvu iliyopimwa huko pwani, magari yanakoshushwa, si ile utakayoipata huku kwetu. Hewa ya milimani ni nyepesi, injini isiyo na turbo ikifika Mafinga inapungukiwa, na ile hesabu ya nguvu unayosomewa na muuzaji inabaki huko huko chini. Namna gari linavyoshika kona haibaki pwani. Unapanda nayo na unashuka nayo. Kwa hiyo anza na hilo. Tafuta gari linalotii usukani, breki zake zisichoke kabla yako, uzito wake usikuvute unakokataa kwenda. Ukishalipata, ndipo uulize nguvu, na uchukue inayokutosha kwa barabara zako, si inayowatosha vijana wa uani.

Huenda hilo jeusi linashuka vizuri vilevile. Yapo yenye nguvu na adabu, nami sijalikalia. Usiamini picha, wala maneno yangu. Nenda ukayaendeshe yote mawili, na umpakie mtu anayekupenda, asiyejua kitu kuhusu magari. Mshushe mlima. Usimwulize ameonaje, atakudanganya kwa sababu anakupenda. Tazama mikono yake tu. Akishika kishikio, liache gari hilo hata likiwa moto. Akianza kukueleza habari za shamba, ongea na muuzaji.

Na haya si ya gari peke yake, lakini wewe ni mtu mzima, utayapeleka mwenyewe unakotaka, kwenye kazi na kwa huyo kijana ambaye bado hujaniambia jina lake.

Mungu akulinde, Tusekile. Akupe milima ya kupanda kwa furaha na akili ya kuishuka, na kila utakayempakia amfikishe mzima mlangoni kwake. Mikono yako ibaki myepesi kwenye usukani, na nyumbani kwetu kusiwe na haja ya kamba ila ya nguo. Nikija huko mwezi ujao nichukue mjini na hilo utakalolichagua, unishushe Ipogolo tukamsalimie Baba Mdogo Lusajo, bado anakaa barazani anatazama. Na ukiona nimesinzia kabla ya kona ya mwisho, usiniamshe kwa kuniomba samahani. Nisalimie tu.